Mikono Kumi na Miwili ya Rungwe

Mkono ukitia chakula katika bakuli la mtawa, na mwenye mkono huo amelala usingizi mzito umbali wa kilomita mia saba, je, sadaka imetolewa? Na kama imetolewa, aliyetoa ni nani?

Atuganile alikuwa na miaka ishirini na mitatu, mwanafunzi wa mwaka wa nne wa uhandisi aliyesoma kwa mtandao, na alikuwa amekwisha kujibu maswali mengi yaliyowatoa wenzake jasho. Hili lilimshinda. Lilimjia kila siku saa moja kasoro robo asubuhi, alipomshika Bhante Vimala kiwiko na kumwongoza kushuka ngazi tatu za hekalu, na kila siku aliliahirisha mpaka kesho yake.

"Shikamoo, Bhante."

"Marahaba, Atu. Umechelewa dakika mbili."

"Bhante anazijuaje dakika, na saa haioni?"

"Tumbo hili lilitengenezwa Kandy, mama. Lina miaka themanini na moja na halijawahi kutiwa betri."

Alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kikachukua muda wake. Atuganile alimshika mgongo hadi kilipotulia. Baridi ya Rungwe ilikuwa imeingia katika mapafu ya mzee huyo tangu masika yaliyopita, wala haikuonyesha dalili ya kutoka.

Bhante ndilo jina la heshima ambalo Wabuddha humwitia mtawa, lakini hapa mjini lilikuwa limekuwa jina lake hasa. Hata watoto wa shule ya Wamoraviani walimwita hivyo wakimwona na joho lake la rangi ya bizari. Alikuja kutoka Sri Lanka akiwa kijana wa miaka ishirini na tisa. Kiswahili alijifunza sokoni, na Kinyakyusa alijifunza kwa kuchekwa. Nuru ya macho ilimtoka miaka minane iliyopita, taratibu, kama anavyosema mwenyewe, bila hata kuaga.

Chini ya ngazi kulikuwa na meza ndefu ya mbao, na kwenye ukuta nyuma ya meza hiyo ilichomoza mikono kumi na miwili. Ilikuwa ya mpira laini, na ndani yake maji moto yalipita katika mirija myembamba ili ngozi yake iwe na joto la mtu. Mbele ya kila mkono palikuwa na sahani ya chakula kilicholetwa na gari la ushirika kwa jina la mtoaji na kupikwa na Atuganile mwenyewe: ndizi za mbalaga, maharage, vipande vya parachichi, mtindi katika kikombe. Bhante alivua makubadhi, akasimama peku juu ya jiwe lililolowa ukungu, akafunua bakuli lake.

Kanuni ya watawa wa kwao ni kwamba mtawa hajichukulii chakula. Lazima apewe, mkononi, na mwingine. Tena anayetoa hutoa kimya, na anayepokea hupokea kimya. Baraka husemwa baadaye. Ukimya huo ulikuwa na umri wa zaidi ya miaka elfu mbili, na juu yake ndipo Atuganile alipoijenga hila yake.

Mkono wa kwanza ulichota maharage na kugonga kijiko mara moja ukingoni mwa bakuli, kama mwenyewe, Mzee Gwakisa, alivyokuwa akigonga tangu enzi za kutoa ana kwa ana. Wa pili ulitetemeka kidogo. Wa tatu ulikuwa na haraka. Wa saba, mkono wa Bi Subilaga, uliweka kipande cha ndizi taratibu kama mtu anayemlaza mtoto, kisha ukamgusa Bhante kifundo cha mkono mara mbili, pa, pa, ukarudi mahali pake.

Bhante alitabasamu, kama ambavyo hutabasamu kila siku akifika kwa huyo wa saba.

*

Mkono wa Mbali haukuwa uvumbuzi wa Atuganile. Ulikuwapo hospitalini na viwandani kabla yeye hajaanza shule: mtu huvaa glavu akiwa kokote, na huku mkono wa mpira hufanya anachofanya na kumrudishia anachokigusa. Reli ya chini ya mlima ilipofunguliwa, na watu wa Rungwe wakaanza kuishi Dodoma na Mtwara na kurudi kwao kwa nadra, waumini kumi na wawili waliobaki na hekalu hilo waliomba wafungiwe mikono ili wasiache kutoa. Mwaka wa kwanza hakuna aliyekosa. Waliamka, wakavaa glavu, wakasikia uzito wa bakuli, wakaenda kazini.

Mwaka wa pili wakaanza kukosa. Zamu zilibadilika, watoto waliugua, usingizi ulizidi nguvu. Mkono usio na mtu ulilala mezani kama kitambaa, na Bhante, asiyeuona, alisimama mbele yake na bakuli wazi, akangoja. Alikuwa anangoja mpaka Atuganile amwambie. Kisha aliuliza, "Anaumwa?" na siku hiyo alikula nusu ya chakula chake, akashinda akimtaja mtu huyo katika sala.

Likizo moja ilitosha. Kwa siku tisa Atuganile aliandika programu aliyoiita Mazoea. Glavu isipovaliwa kufikia saa moja kasoro robo, mkono huchukua asubuhi zote za mwenyewe ulizohifadhi, huziunganisha, na kutoa kama yeye ambavyo angetoa. Ilikuwa kwa ajili ya dharura, siku moja moja tu. Aliwaandikia watoaji kuwaeleza. Wote walimshukuru, wengine walimwita binti wa baraka. Hakuna aliyeuliza kama Bhante ameambiwa, naye hakusema.

Sasa habari zilikuwa zimesafiri. Mahekalu ya Kandy, ya Chiang Mai, ya Kyoto, na nyumba moja ya watawa huko Ladakh yalikuwa na wazee wao na mabakuli yao matupu, nayo yaliiomba Mazoea. Kesho saa nne asubuhi angekutana nao wote kwenye ukuta wa picha, na kuikabidhi.

*

"Bi Subilaga," Bhante alianza alipomaliza kupokea, akiugeukia mkono wa saba, "uwe na umri mrefu, sura njema, raha na nguvu."

Nyuma yao kitu kilianguka. Atuganile aligeuka akamwona mwanamke wa makamo amesimama langoni, kitenge kimelowa mabegani, mfuko wake ukiwa chini kwenye tope. Mwanamke huyo hakuuokota. Aliutazama mkono wa saba.

Atuganile alimpeleka Bhante ndani akale, kisha akatoka mbio.

"Karibu, dada. Umelowa. Ingia jikoni kuna moto."

"Wewe ndiye Atuganile?"

"Ndiye mimi."

"Mimi Tumpe, binti wa Subilaga." Alitoa glavu iliyokunjwa vizuri ndani ya kanga. "Nimekuja kurudisha hii. Mama alinisisitiza nisije nikaitupa, kwamba ni mali ya hekalu. Miezi minne sasa tangu tumzike. Nilidhani mmepata habari."

"Hatukupata." Sauti ya Atuganile ilikuwa ndogo. "Pole, dada. Pole sana."

"Nimeshapoa. Ila niambie basi, aliyekuwa anaombewa umri mrefu sasa hivi ni Subilaga yupi?"

Atuganile alimweleza. Alieleza vibaya, akianzia katikati, akirudi nyuma, akitumia maneno ya darasani yasiyomsaidia mtu. Tumpe alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akaenda mezani na kuuweka mkono wake mwenyewe mbele ya mkono wa saba.

"Uamshe unipe na mimi."

"Dada, sidhani kama—"

"Uamshe."

Atuganile aliuamsha. Mkono ulipapasa, ukachukua kipande cha ndizi kilichobaki, ukakiweka katika kiganja cha Tumpe. Kisha pa, pa, juu ya kifundo.

Tumpe alikaa chini palepale, kwenye jiwe lililolowa, na ndizi mkononi. Alilia bila sauti, mdomo wazi, kama watoto wanavyofanya kabla kilio hakijafika. Atuganile alichuchumaa kando yake, akamshika bega, naye Tumpe hakuuondoa mkono huo.

"Alikuwa ananipa hivihivi uji," Tumpe alisema baada ya muda. "Akishanipa kikombe ananigusa hapa. Maana yake, kunywa, usichezee. Nilikwisha kusahau, Atu. Mimi mtoto wake nimesahau, huu mpira umekumbuka." Alijifuta uso kwa kanga ya glavu. "Usiuzime."

"Bhante hajui chochote. Anadhani ni wao. Nikimwambia—"

"Sijasema usimwambie, nimesema usiuzime. Mimi ni Mmoraviani, mambo ya mama na hekalu lenu sikuyaelewa hata alipokuwa hai. Lakini mkono wa mama naujua. Ulipoutengeneza hukuniuliza. Sasa na kuuzima nako usiniulize?"

Atuganile alimpeleka jikoni, akampa chai na shuka kavu, kisha akaifungua kumbukumbu ya mikono, jambo ambalo kwa miezi saba alikuwa anajiambia kwamba hana nafasi ya kulifanya.

Walisoma pamoja, bega kwa bega. Mzee Gwakisa: glavu ilivaliwa mara ya mwisho siku mia mbili na tatu zilizopita. Wa pili: mia mbili na kumi. Wa tatu, mia moja themanini. Waliendelea hivyo mpaka mwisho. Katika kumi na wawili mmoja tu, Lusajo, dereva wa treni ya Dodoma, alikuwa anavaa glavu yake kila asubuhi, na asubuhi nyingine aliivaa dakika kumi kabla ya wakati, akangoja.

"Mmoja," Tumpe alisema.

"Mmoja."

"Na babu wa watu anapita pale kila siku akiwabariki wote kwa majina." Alitikisa kichwa. "Wewe mtoto, una moyo mzuri na akili nyingi, na umetuweka wote mahali pabaya."

*

Saa nane mchana Bhante alikuwa ameketi kwenye kiti chake cha mianzi, blanketi magotini, kikombe cha chai ya rangi mikononi. Baada ya saa sita mchana hakuwa akila kitu, na maziwa kwao ni chakula. Atuganile alikaa chini, kwenye mkeka. Tumpe alibaki mlangoni, kama walivyokubaliana.

"Bhante, naomba unisimulie tena habari za yule mwalimu wa Uchina na jembe."

"Unaijua kuliko mimi."

"Naomba."

Mzee alikunywa funda moja. "Kule Uchina watu hawakuwa na desturi ya kujaza bakuli la mtawa kila asubuhi. Baadhi ya watawa wakaamua kulima wenyewe, ingawa watawa wa India wangeshtuka kuwaona na majembe. Mwalimu wao mmoja alizeeka sana asiache kulima. Wanafunzi wakamhurumia, wakalificha jembe lake. Siku hiyo akakaa kimya, na chakula kilipoletwa hakula. Basi wakamrudishia."

"Walikosea?"

"Walimpenda."

"Hilo najua, Bhante. Walikosea?"

Bhante aligeuza uso wake upande wa sauti ya Atuganile, na macho yake meupe yakakaa juu kidogo ya kichwa cha binti huyo. "Atu. Umeficha jembe la nani?"

Akamwambia. Safari hii hakutumia neno hata moja la darasani. Alisema kwamba mikono hiyo ilikuwa inajiendesha, kwamba yeye ndiye aliyeifundisha, kwamba kwa miezi saba waliokuwa wakimpa hawakuwapo isipokuwa Lusajo peke yake. Alisema alifanya hivyo ili ale. Kisha akasema la mwisho.

"Na Bi Subilaga amefariki, Bhante. Miezi minne iliyopita. Binti yake yuko hapa mlangoni."

Atuganile alikipokea kikombe cha chai kutoka mikononi mwake. Alitarajia hasira, na kwa siku nyingi alikuwa amejiandaa kuipokea. Lakini uso wa mzee ulikunjamana taratibu na machozi yakamtoka, yakapita katika mikunjo yake bila yeye kuyafuta.

"Siku ya saba ilipita," alisema. "Na mwezi wa tatu ulipita. Hatukummiminia maji."

Ndipo Atuganile alipoelewa ukubwa wa alichofanya, na haukuwa pale alipokuwa akiutafuta. Kwa desturi ya hekalu hilo, mtu akifa hutolewa sadaka kwa jina lake siku ya saba na tena mwezi wa tatu, na wapendwa wake humimina maji kutoka mtungi mpaka kikombe kifurike, ili wema wote uliotendwa umfikie yeye aliyetangulia. Bi Subilaga alikuwa amengoja maji, na badala yake kila asubuhi alitakiwa umri mrefu.

"Nisamehe, Bhante."

"Nilikula?"

"Ulikula."

"Nilinenepa?"

Atuganile aliinama akilia kwa kwikwi. Mzee alinyoosha mkono hewani mpaka akakipata kichwa chake, akakilaza kiganja hapo, jambo ambalo mtawa wa kanuni yake, hata akiongozwa kwa ajili ya upofu, hamfanyii mwanamke. Kisha akakumbuka, akauondoa mkono wake pole pole, akaurudisha chini ya blanketi.

"Sadaka ni nia, mama. Anayetoa hufurahi kabla hajatoa, wakati anatoa, na baada ya kutoa. Wewe ulinipa chakula, hilo halina shaka. Umepika, umeosha, umenishika mkono. Ungenipa kwa mkono wako mwenyewe ningepokea, na ungekuwa na furaha zote tatu. Badala yake ukajificha nyuma ya ukuta. Na wale kumi na mmoja nao ukawaondolea furaha yao wakiwa usingizini." Alikohoa. "Watawa wakuu wa Dar es Salaam wananiita kwenye joto mwaka wa pili huu. Nimekataa. Nilisema, mtu anayetoa kila asubuhi hajahama; nitafungaje mlango ambao watu kumi na wawili bado wanauingia? Kumbe mapafu yangu yalikuwa yanausubiri mpira."

Alicheka kidogo. Tumpe, pale mlangoni, akacheka pia kabla hajajizuia.

"Huyo ndiye binti?"

"Shikamoo, Bhante."

"Marahaba, mwanangu. Ingia. Pole kwa mama. Nimekosa kumzika na nimechelewa kumkumbuka."

"Bhante, hayo maji... mimi ni mtu wa kanisani. Naruhusiwa kumimina?"

"Umekuja na mikono?"

"Nimekuja nayo."

"Basi."

Walimimina palepale, Tumpe ameshika mtungi wa udongo, Atuganile ameshika kikombe ndani ya sahani. Bhante aliimba kwa Kipali, lugha ya maandiko yao, sauti yake ikikatika na kurudi. Maji yalijaa kikombe, yakapanda ukingoni, yakafurika katika sahani, na Tumpe hakusimamisha mpaka mtungi ulipokuwa mtupu. Alinong'ona kitu kwa Kinyakyusa ambacho Atuganile alikisikia vizuri, lakini hakukirudia kwa mtu yeyote.

Walipomaliza, Atuganile aliuliza, "Bhante, kesho niwajibu nini wale wanaoingoja programu?"

"Mimi hata kuiona siioni. Uliandika wewe."

*

Kesho yake saa nne, nyuso tano zilikuwa ukutani. Mwenyekiti wa kikao, Profesa Anyelwisye, mama wa miaka sabini mwenye miwani iliyofungwa kamba, alikuwa Dar es Salaam. Sauti za wengine zilifika kwa Kiswahili cha mashine ya kutafsiri, kilichonyooka mno. Bhante alikaa kando, blanketi magotini. Tumpe alikaa mlangoni akimenya viazi, maana alisema hawezi kukaa bure nyumbani kwa watu.

Atuganile aliwaeleza yaliyotokea bila kuacha kitu. Mtawa wa Ladakh aliinua kidole.

"Dada, kwetu tuna magurudumu ya sala yanayozungushwa na maji ya mto. Mto hauna nia. Hata hivyo, babu zetu waliona wema ndani yake. Mkono wako una tofauti gani na mto?"

"Hakuna mtu anayedhani kwamba mto ni jirani yake, Mheshimiwa."

Mtawa wa kike wa Kyoto alizungumza taratibu. "Hapa tunaye mama wa miaka tisini na sita. Nyumba zilizokuwa zikimtolea zimebaki na wazee watatu tu. Ukitunyima, nitamwambia nini bakuli lake likiwa tupu?"

Swali hilo lilimchoma, na hakulificha. "Sijui, Mama. Nadhani utamwambia kwamba ni tupu. Kisha utampa wewe."

"Nami nikifa?"

Viazi vilianguka kimoja kimoja ndani ya maji.

"Mwanangu," Profesa Anyelwisye alisema kwa upole, akiisogeza miwani yake, "nimekulea tangu mwaka wa kwanza. Kosa lilikuwa kutomwambia. Je, haitoshi kuwaambia wazee wote kuanzia sasa? Kazi nzuri hii utaitupa kwa ajili ya kosa la kimya?"

Atuganile alimtazama Bhante, naye Bhante alikuwa amefumba macho, kama mtu anayesikiliza mvua. Alimtazama Tumpe. Tumpe aliacha kumenya. Uso wake haukumsihi tena, wala haukumpa ruhusa.

Atuganile alisimama.

"Profesa, waheshimiwa, nimeamua. Leo saa sita mchana nitaifuta Mazoea katika mikono yote kumi na miwili, na sitaitoa kwa hekalu lolote, hata kwa wanaojua ukweli wake, kwa sababu niliona jinsi sisi tuliojua tulivyolala. Glavu zitabaki. Anayetaka kutoa ataivaa mwenyewe; asiyeivaa, mkono wake utalala, na mzee ataambiwa kwamba umelala. Nitawapigia simu wale kumi walio hai, mmoja mmoja, na kuwaomba radhi. Kumbukumbu ya mkono wa Bi Subilaga haitafutwa na mimi. Ninampa binti yake, aihifadhi au aifute, ni yake. Bhante amekubali kuhamia Dar es Salaam siku ya Jumamosi, na mikono itamfuata. Mimi nitaahirisha masomo muhula mmoja, nitakwenda naye, na kila asubuhi nitampa chakula kwa mkono wangu."